Chora, Usipoteze Muda: Kutoka DeSoto Kwenda Kuona Michoro ya Mabingwa wa Kale

Juma hili makala inaelekea kusini mwa Marekani, katika jimbo la Texas, na inahusu jambo ambalo katika nyumba nyingi za Waafrika huzua mvutano kati ya mzazi na mtoto. Jambo lenyewe ni kuchora.

Kusini mwa jiji la Dallas, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, upo mji mdogo uitwao DeSoto. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi 56,145, na wengi wao ni Wamarekani weusi. Mji huo una jina la tabibu, Thomas Hernando DeSoto Stewart, aliyewahudumia watu wa eneo hilo katika karne ya 19. Katika miji ya namna hiyo iliyoyazunguka majiji ya Dallas na Fort Worth, zinaishi pia familia zilizotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi. Wazazi hufanya kazi za zamu, usiku na mchana, katika hospitali, katika maghala na nyuma ya usukani wa malori, na wengi wao wana tamaa moja kwa ajili ya watoto wao: udaktari, uuguzi, uhandisi au kompyuta. Mtoto anayejaza pembe za daftari lake la hesabu kwa picha za nyuso na farasi huambiwa kwamba anapoteza muda.

Je, ni kweli kwamba anapoteza muda? Swali hilo laweza kujadiliwa kwa maneno mpaka kuche, lakini mkazi wa Texas anayo bahati ya kulitafutia jibu kwa macho yake mwenyewe.

Kutoka DeSoto hadi Houston ni safari ya saa tatu na nusu hadi nne, kwa barabara kuu namba 45. Huko Houston, kuanzia mwezi Machi hadi mwezi Juni mwaka 2018, Jumba la Makumbusho ya Sanaa la jiji hilo liliandaa maonyesho yaliyoitwa "Michelangelo na Vatikani". Kazi zilizoonyeshwa ziliazimwa kutoka jumba la Capodimonte la mjini Naples, Italia, na nyingi zilikuwa za zama za Renesansi. Hilo ni jina ambalo wanahistoria hukitumia kipindi cha mwamko wa elimu na sanaa kilichoanzia Italia na kushamiri katika karne ya 15 na ya 16. Ndicho kipindi cha Leonardo da Vinci, Michelangelo Buonarroti na Raphael, majina ambayo watoto wengi wa leo waliyasikia kwanza katika filamu za kobe wapiganaji, kabla ya kuyakuta katika vitabu vya historia.

Wageni waliona picha za rangi za mapapa na watu wa koo kubwa. Hata hivyo, kitovu cha maonyesho hayo kilikuwa michoro miwili isiyo na rangi za kuvutia, iliyochorwa kwa weusi wa mkaa juu ya karatasi iliyochakaa. Mmoja ulikuwa wa Raphael, na unamwonyesha Nabii Musa akiwa amepiga magoti, amejifunika uso kwa mikono mbele ya kijiti kinachowaka moto. Raphael aliuandaa mwaka 1514 kwa ajili ya dari ya chumba kimojawapo cha Papa. Mwingine ulikuwa wa Michelangelo, wenye urefu unaozidi mita mbili na nusu, na unaonyesha askari waliompa mtazamaji mgongo huku wakipanda mlima. Michelangelo aliuchora kati ya mwaka 1546 na 1550, kwa ajili ya picha ya ukutani inayoonyesha kusulubiwa kwa Mtume Petro, ambayo hadi leo imo katika Kanisa dogo la Paulo ndani ya Vatikani. Picha hiyo ilipokamilika, bingwa huyo alikuwa na umri wa takriban miaka 75.

Mpenzi msikilizaji, michoro ya aina hiyo Waitalia waliiita "cartone", maana yake karatasi kubwa. Msomaji wa magazeti ya Dar es Salaam au Nairobi atashangaa kusikia kwamba neno hilo analo mdomoni kila siku, kwani ndilo lililozaa neno "katuni". Mnamo mwaka 1843, mjini London, palikuwa na maonyesho ya michoro mikubwa iliyoandaliwa kwa ajili ya kuta za jengo jipya la Bunge. Jarida la mzaha liitwalo Punch likayakejeli maonyesho hayo kwa kuchapisha michoro yake ya dhihaka na kuiita kwa jina hilo hilo, na tangu hapo maana ya neno ikageuka. Kwa hiyo Chakubanga wa gazeti la Uhuru, na wanasiasa wanaochorwa na Gado, wana udugu wa jina na askari wa Michelangelo. Neno "karatasi" nalo ni ndugu wa mbali. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililitoa katika neno la Kiyunani ambalo ndilo asili ya neno la Kiitaliano la karatasi.

Udugu huo hauishii katika maneno, kwani karatasi yenyewe ilifika Ulaya kwa kupitia nchi za Kiislamu, na mafundi wa mji wa Fabriano, Italia, walikuwa wakiitengeneza kwa matambara ya kitani tangu karne ya 13. Kabla ya hapo wachoraji wa Ulaya walitumia zaidi ngozi, ambayo ilikuwa ghali mno kuchezewa. Karatasi ilipokuwa rahisi kupatikana, mchoraji alipata ruhusa ya kujaribu, kukosea, na kujaribu tena. Bila ya ruhusa hiyo, sehemu kubwa ya michoro inayosifiwa leo isingekuwapo.

Katuni ya zama hizo ilikuwa chombo cha kazi, kama kipimo cha mshonaji. Mchoraji aligundisha karatasi nyingi hadi zikatosha ukubwa wa picha, akachora humo kila umbo kwa kipimo kile kile kitakachokuwa ukutani. Kisha kingo za maumbo zilitobolewa kwa sindano, tundu baada ya tundu. Fundi alipokwisha kupaka ukuta lipu mbichi, karatasi ilibandikwa juu yake, na kifuko chenye vumbi la mkaa kikapigwapigwa juu ya matundu. Karatasi ilipoondolewa, vitone vyeusi vilibaki kwenye lipu na kumwonyesha mchoraji njia. Alilazimika kupaka rangi siku hiyo hiyo, kabla ya lipu kukauka.

Kazi hiyo iliharibu karatasi. Katuni zilikatwa vipande, zikalowa, zikachanika, na kwa kuwa kusudi lake lilikwisha kutimia, nyingi hazikuhifadhiwa. Nyingine ziliangamizwa na sifa zake zenyewe. Michelangelo alipokuwa kijana wa miaka 30 hivi, alichora mjini Florence katuni ya vita vya Cascina, na wachoraji wakawa wanamiminika kuinakili hadi ikararuliwa vipande vipande. Leo zimebaki katuni kubwa mbili tu za mkono wake, moja mjini London na moja ni hiyo ya Naples, iliyovuka bahari mwaka 2018 hadi Houston.

Kwa wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, habari ya mchoro unaomezwa na kazi si ngeni. Fundi wa milango ya nakshi wa Lamu au Unguja huanza kwa kuchora maua na minyororo juu ya ubao, kisha patasi hufuata mistari hiyo na kuifuta kabisa. Mshonaji wa kofia za viua naye huanza kwa nakshi iliyoandikwa juu ya kitambaa cheupe, kabla sindano haijafanya matundu yake madogo madogo. Anayeusifu mlango au kofia hauoni tena ule mchoro wa kwanza, ingawa ndio uliobeba fikra yote. Hata neno "kuchora", katika Kiswahili cha kale, lilibeba maana mbili kwa pamoja, yaani kuandika mistari na kuchonga nakshi katika mti au jiwe. Michelangelo, ambaye alijihesabu kuwa mchongaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, angeliridhika na lugha yenye neno la namna hiyo.

Je, mgeni anayeingia katika maonyesho ya michoro hukuta nini? Jambo la kwanza ni giza. Karatasi na wino havipatani na jua, na mwanga ukizidi, karatasi hugeuka manjano na mistari hufifia. Kwa sababu hiyo majumba ya makumbusho huweka mwanga hafifu, huonyesha mchoro kwa muda wa miezi michache tu, kisha huurudisha kabatini ukapumzike kwa miaka. Mtu anayepita haraka huona vyumba vyenye karatasi za rangi ya chai na hutoka akiwa hana la kusimulia. Lakini macho yakishazoea, na mtu akasogea karibu, huanza kuona mambo ambayo picha iliyokamilika haimwonyeshi kamwe.

Huona, mathalani, mkono uliochorwa mara tatu kwa kuwa mara mbili za kwanza haukukaa sawa. Huona bega lililoshushwa na mguu uliosogezwa, na mistari ya zamani ikiwa bado ipo chini ya mistari mipya. Huona pia tabia ya kila kifaa. Ncha ya fedha huacha mstari mwembamba wa kijivu usiofutika, na hivyo humfunza mchoraji uangalifu. Chaki nyekundu, ambayo ni udongo wenye chuma, hutoa joto la ngozi ya mwanadamu. Wino uliotengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma ulikuwa mweusi siku ulipotumiwa, ukageuka hudhurungi kwa kupita miaka, na mahali pengine umeila karatasi yenyewe. Katika katuni ya Michelangelo huonekana maungio ya karatasi zilizogundishwa na safu za matundu ya sindano. Mtu aliyekwisha kuchora picha zilizoushangaza ulimwengu mzima, na aliyekuwa amevuka umri wa miaka 70, bado hakuthubutu kuusogelea ukuta bila ya kufanya mazoezi kwanza katika karatasi.

Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Bingwa huyo naye alikuwa na lele yake, na kwa bahati nzuri mkazi wa DeSoto hahitaji kwenda mbali kuiona. Mwendo wa chini ya saa moja kuelekea magharibi utamfikisha Fort Worth, penye Jumba la Sanaa la Kimbell. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1972 na lilisanifiwa na Louis Kahn, aliyepasua paa lake kwa nyufa nyembamba ili jua la Texas liingie likiwa limepozwa na kugeuka kama fedha. Humo imo picha ndogo ya rangi juu ya ubao, yenye urefu wa sentimita 47, ambayo jumba hilo liliinunua mwaka 2009. Inaonyesha mashetani wakimvuta na kumpiga Mtakatifu Antonio angani. Antonio huyo alikuwa Mwafrika, mtawa wa jangwa la Misri aliyezaliwa katika karne ya tatu.

Jumba la Kimbell linaieleza picha hiyo kuwa ndiyo ya kwanza inayojulikana ya Michelangelo, aliyoichora akiwa na umri wa miaka 12 au 13. Wapo wataalamu wachache wasiokubaliana na maelezo hayo, kama ilivyo kawaida katika mambo ya sanaa ya kale. Lakini habari ya kuwapo kwa picha ya namna hiyo haina shaka, kwani waandishi wawili waliomfahamu Michelangelo, Giorgio Vasari na Ascanio Condivi, waliisimulia akiwa hai.

Na simulizi hiyo inagusa moja kwa moja mvutano uliotajwa mwanzoni mwa makala hii. Michelangelo alizaliwa mwaka 1475 katika ukoo wenye jina la zamani lakini wenye mfuko mwembamba. Baba yake, Lodovico, alitaka mwanawe asome na kuurudishia ukoo heshima, naye mtoto akawa anaacha masomo kwenda kuchora. Condivi anaeleza kwamba baba na baba zake wadogo walimpiga mara nyingi kwa ajili hiyo, wakiona kuwa ufundi wa mikono ni aibu kwa nyumba yao. Mzazi wa Kiafrika aliyeko Texas, anayemnyang'anya mwanawe penseli ili ashike kitabu cha kemia, ana mwenzake wa miaka zaidi ya 500 iliyopita.

Michelangelo hakuibuni picha ya Mtakatifu Antonio. Aliinakili kutoka katika mchoro wa Mjerumani Martin Schongauer, ambao ulichapishwa kwa bamba la shaba na kusambaa Ulaya nzima. Kunakili ndiko kulikokuwa shule ya siku hizo, na mwanagenzi alinakili michoro ya mabingwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kushika brashi. Lakini Condivi anasimulia kwamba kijana huyo, alipotaka kuwapaka rangi mashetani wale, alikwenda kwenye soko la samaki. Akatazama umbo na rangi ya mapezi, akatazama macho ya samaki, kisha akarudi na kuyatia aliyoyaona katika picha yake. Leo anayeitazama picha hiyo huko Fort Worth humwona shetani mmoja akiwa na magamba yanayometa, magamba ambayo hayamo katika mchoro wa Schongauer. Aidha, chini ya miamba, kijana aliongeza bonde lenye mto linalofanana na bonde la mto Arno alikokulia.

Msikilizaji aliyewahi kusimama alfajiri katika soko la samaki la Feri mjini Dar es Salaam, au penye majahazi ya Malindi huko Unguja, hahitaji kuelezwa ni nini kijana yule alikiona. Changu, nguru na pono wana rangi ambazo hakuna kitabu kinachoweza kuzifundisha.

Suala la kunakili limewagawanya pia wasanii wa Afrika Mashariki. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, na kusomea sanaa katika Chuo cha Makerere, alichora mnamo mwaka 1959 picha kubwa za ukutani katika kanisa la Anglikana la Murang'a, nchini Kenya. Humo simulizi za Injili, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa kwake, zimewekwa katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu na watu wake ni Waafrika. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, na wito wake kwa wasanii ukajulikana mbali: wasinakili, kwa maana kunakili humlaza Mungu usingizi.

Kwa mtazamo wa haraka, Njau na shule ya Renesansi wanapingana. Mmoja anakataza kile ambacho mwingine alikifanya kuwa darasa la kwanza. Lakini picha ya Fort Worth inaonyesha mahali wanapokutana. Kijana wa Florence alianza kwa kufuata mkono wa Mjerumani, kisha akatoka nje na kutazama kilichokuwa mbele ya macho yake. Njau naye alipokea simulizi iliyokuwa imekwisha kuchorwa mara elfu na wachoraji wa Ulaya, akaitazama upya akiwa amesimama juu ya vilima vya Murang'a. Kunakili kunakolaza ni kule kunakokomea kwenye karatasi ya mwenzako, kusikofika kamwe sokoni.

Mpenzi msikilizaji, hofu ya mzazi si ya kupuuzwa. Mtu aliyevuka bahari na kuanza maisha upya katika nchi ya kigeni anajua bei ya kodi ya nyumba na bima ya hospitali, na anajua kwamba wachoraji wengi hufa maskini. Hata Lodovico, baba yake Michelangelo, alilegea pale tu jambo lilipoandikwa kwa mkataba. Mwezi Aprili mwaka 1488 alimkabidhi mwanawe kwa miaka mitatu katika karakana ya mchoraji Domenico Ghirlandaio, kwa malipo ya jumla ya florini 24. Mtoto alikuwa na miaka 13. Mkataba huo unakumbusha kwamba sanaa ilikuwa kazi yenye mwalimu, saa na ujira, na kwamba kipaji peke yake hakikutosha.

Isitoshe, si lazima mtoto anayechora aje kuwa mchoraji. Mzazi anayemtaka mwanawe awe daktari afaa akumbushwe habari za Leonardo da Vinci, ambaye alipasua maiti za watu na kuchora misuli, mifupa, mishipa na moyo kwa usahihi unaowastaajabisha matabibu hata leo. Karatasi zake hizo zimehifadhiwa katika kasri la Windsor, Uingereza. Leonardo alichora ili apate kuelewa, kwani anayechora mkono wa mtu hulazimika kuuliza kila kiungo kimeshikamana wapi na kingine. Mhandisi, fundi wa magari, mwalimu wa jiografia na mshonaji wote wanaihitaji tabia hiyo ya kutazama kitu mpaka kisema siri yake.

Kuna kizuizi kingine kisichohusu fedha wala muda. Familia nyingi za wahamiaji hupita nje ya majumba ya makumbusho zikiyaona kuwa ni ya watu wengine. Majengo ni makubwa, walinzi wamesimama, na picha zinaonyesha wafalme na watakatifu wa Ulaya. Dhana hiyo inaeleweka, lakini haina budi kupimwa kwa ukweli. Jumba la Kimbell halitozi kiingilio kwa mtu anayekwenda kuona hazina yake ya kudumu, akiwemo Mtakatifu Antonio wa Misri. Mwaka 2022 jumba hilo hilo lilionyesha kazi za mafundi wa Afrika katika maonyesho makubwa yaliyozungumzia lugha ya uzuri katika sanaa ya bara hilo. Huko Houston, jumba la Menil nalo ni bure, na mwezi Novemba mwaka 2018, miezi michache baada ya katuni za Naples kurudi kwao, lilifungua jengo zima kwa ajili ya michoro ya zama hizi, lililosanifiwa ili mwanga upungue hatua kwa hatua kabla mgeni hajafika mbele ya karatasi.

Aendaye huko na mtoto hahitaji kujua historia yote ya Italia. Inatosha kuchagua michoro miwili au mitatu, kusimama mbele ya kila mmoja kwa dakika kumi, na kumwachia mtoto atafute mahali bingwa alipokosea na kurekebisha. Kwa kawaida watoto huziona kasoro hizo mapema kuliko wakubwa, na furaha yao ni kubwa. Mtoto aliyeona kwamba hata Michelangelo alichora mkono mara tatu hataichana karatasi yake kwa hasira mara ya kwanza anapokosea.

Michelangelo mwenyewe hakutaka jambo hilo lionekane. Vasari anaandika kwamba kabla ya kufariki dunia mjini Roma, tarehe 18 Februari mwaka 1564, mzee huyo alichoma moto michoro yake mingi, ili mtu yeyote asije kuona taabu alizozipata wala asimdhanie kuwa chini ya ukamilifu. Michoro ipatayo 600 hivi ndiyo iliyonusurika. Mzee alitaka ulimwengu ubakiwe na matunda peke yake, bila ya jembe wala jasho. Ni heri kwamba moto haukumaliza zote, kwa kuwa picha zake zilizokamilika humfanya mtazamaji ajione mdogo, ilhali michoro yake humpa moyo wa kujaribu.

Katika jumba la British Museum mjini London imo karatasi moja iliyonusurika hivyo. Michelangelo aliitumia kumfundisha mwanagenzi wake, Antonio Mini, ambaye hakuwa na kipaji kikubwa. Juu yake mwalimu alichora mfano, na mwanafunzi akajitahidi kuufuatisha kwa mkono mzito. Chini ya karatasi hiyo Michelangelo alimwandikia maneno machache ya kumsihi: achore, Antonio, achore, wala asipoteze muda.

Mini hakupata kuwa bingwa, na jina lake linakumbukwa kwa sababu ya karatasi hiyo kuliko kwa kazi zake. Lakini mwalimu hakumwahidi ubingwa. Alimwambia tu kwamba muda unaopotea ni ule anaoupitisha bila ya kuchora. Mzazi wa DeSoto, wa Nairobi, wa Muscat au wa Bujumbura, atakapoikuta tena picha ya farasi pembeni mwa daftari la hesabu, atakuwa na la kufikiri kabla ya kuifuta.